MARIA MONTESSORI NA KAZI YA MTOTO MDOGO

Wazazi wengi siku hizi wana swali moja mioyoni mwao. Wasikia ya kuwa dunia yaendeshwa kwa kompyuta, na ya kuwa kijana asiyejua kuziamuru mashine hizo atabaki mlangoni huku wenzake wakiingia. Basi mzazi aliyeko Kihagara, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, katika wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga, amtazama mtoto wake wa miaka minne akicheza mchangani kando ya mitumbwi, naye ajisemea kwamba mwanawe amekwisha kuachwa nyuma kabla hata ya kuanza safari. Mashine hana, na mwalimu wa mashine hana.

Twataka kumtia moyo mzazi huyo, wala si kwa maneno matupu. Twamletea habari za maisha ya mwanamke mmoja aliyefariki mwaka wa 1952, zamani ambapo hapakuwa na nyumba ya mtu hata moja yenye kompyuta ndani yake. Kazi yake haikuwa juu ya mashine. Ilikuwa juu ya mtoto mdogo na mikono yake. Lakini aliyoyagundua ndiyo msingi wa elimu ile ambayo wataalamu wa leo wanaiita fikra za kikompyuta, yaani ujuzi wa kugawa kazi kubwa katika kazi ndogo ndogo, kuzipanga kwa hatua zisizopindana, kutambua mambo yanayofanana, na kulitafuta kosa mpaka lionekane na kusahihishwa. Jina hilo lilienea tangu mwaka wa 2006, Profesa Jeannette Wing wa Marekani alipoandika ya kuwa ujuzi huo wawafaa watu wote, wala si mafundi wa kompyuta peke yao. Jina ni jipya, bali jambo lenyewe ni la kale.

MSICHANA ALIYEPENDA HESABU

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti mwaka wa 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na Ancona, nchini Italia. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali. Mama yake, Renilde, alikuwa mpenda vitabu, mwenye elimu kuliko wanawake wengi wa siku zile. Hawakupata mtoto mwingine. Maria alipokuwa bado mdogo walihamia Roma, na huko ndiko alikosomea.

Alipofika umri wa miaka 13 aliingia shule ya ufundi, ambayo kwa desturi ilikuwa ya wavulana, kwani alipenda sana hesabu na nia yake ilikuwa kuwa mhandisi. Baadaye aligeuza nia akataka udaktari. Jambo hilo halikumpendeza baba yake, lakini mama alisimama upande wa binti. Katika Chuo Kikuu cha Roma alipata taabu nyingi. Kwa kuwa ilihesabiwa kuwa aibu mwanamke kutazama maiti pamoja na wanaume, ilimpasa kupasua maiti peke yake, wenzake wakiisha kuondoka. Hakurudi nyuma. Mwaka wa 1896 alipata shahada yake, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza kuwa daktari katika Italia nzima.

Msomaji ayaweke moyoni mapenzi yake ya hesabu na uhandisi, maana bila hayo hataelewa yaliyofuata. Mwanamke huyu alikuja kuwapa watoto vitu vya kuchezea vilivyopimwa kwa sentimita, kama vile fundi apimavyo nguzo za daraja.

WATOTO WALIOHESABIWA KUWA SI KITU

Baada ya kupata shahada alifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Chuo Kikuu. Kazi hiyo ilimpeleka katika nyumba za wagonjwa hao, na huko aliwakuta watoto wenye akili pungufu wamefungiwa pamoja na watu wazima, katika vyumba vitupu. Siku moja mwangalizi mmoja alilalamika ya kuwa watoto hao ni walafi, maana baada ya kula huinama chini wakaokota makombo ya mkate. Daktari alitazama vizuri, akaona jambo jingine. Watoto hawakuyala makombo yale. Waliyashika, wakayafinyanga, wakayachezea. Katika chumba kile kizima hapakuwa na kitu kingine mikono yao iliyoweza kukishika.

Tangu siku hizo aliamini ya kuwa akili ya mtoto hupita mikononi mwake. Alivitafuta vitabu vya waganga wawili Wafaransa waliomtangulia, Jean Itard na Édouard Séguin, akavinakili kwa mkono wake mwenyewe ili asipitwe na neno. Mwaka wa 1900 alipewa kuongoza, pamoja na daktari mwenzake, shule ya kuwatayarisha walimu wa watoto wa namna hiyo. Baadhi ya watoto waliokuwa wamekatiwa tamaa walijifunza kusoma na kuandika, wakaingia katika mtihani mmoja na watoto wengine, wakafaulu. Watu waliona kama mwujiza. Yeye mwenyewe alishangazwa na jambo jingine: ikiwa watoto dhaifu wamewafikia wenye afya, basi hao wenye afya wamefanywa nini katika shule zao hata wasiende mbali zaidi?

Hapa habari yake ina jambo la huzuni, nalo hatupaswi kuliruka. Tarehe 31 Machi mwaka wa 1898 alijifungua mtoto wa kiume, Mario. Baba wa mtoto alikuwa daktari mwenzake, Giuseppe Montesano, na hao wawili hawakuoana. Kwa ajili ya heshima ya jamaa na ya kazi, mtoto alipelekwa shamba kulelewa na watu wengine. Mama alikuwa akimtembelea, lakini mbele za watu hakumtaja kuwa ni mwanawe. Hata alipofika umri wa miaka kama 15, baada ya bibi yake Renilde kufariki mwaka wa 1912, ndipo Mario alipokuja kukaa na mama yake. Kwa muda wa miaka mingi walimwengu waliambiwa ya kuwa ni mpwa wake. Hivyo mwanamke aliyewafundisha mataifa namna ya kumtazama mtoto alinyimwa miaka ya utoto wa mwanawe mwenyewe. Hatusemi hayo kwa kumhukumu. Twasema ili ijulikane ya kuwa aliyoyaandika juu ya watoto hayakuandikwa na mtu asiyejua uchungu.

NYUMBA YA WATOTO

Katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma, walikaa maskini. Kampuni moja ya nyumba ilikuwa imenunua majumba mabovu ya mtaa ule, ikayatengeneza na kuyapangisha. Wazazi walipokwenda kazini watoto wadogo walibaki peke yao, wakachafua kuta na kuharibu ngazi. Wenye majumba waliona ni afadhali kuwakusanya watoto hao katika chumba kimoja na kumweka mtu wa kuwaangalia, kuliko kupaka chokaa kila mara. Wakamwomba Dokta Montessori asimamie. Ndivyo ilivyofunguliwa, tarehe 6 Januari mwaka wa 1907, Sikukuu ya Epifania, Nyumba ya Watoto ya kwanza.

Watoto walikuwa kama 50, wa umri tangu miaka 2 au 3 hata 6. Mlezi wao alikuwa kijana wa kike asiyesomea ualimu. Twaomba walimu wa Tanzania waitazame hesabu hiyo, maana mara nyingi twasema ya kuwa malezi ya namna hii ni ya shule za matajiri zenye watoto kumi darasani. Yalianza kwa watoto 50 wa mafukara, na mlezi mmoja asiye na cheti.

Daktari aliwaletea vitu alivyokuwa amevitengeneza kwa ajili ya wale watoto wa kwanza, kisha akakaa kimya akitazama. Alimwona msichana mdogo wa kama miaka mitatu akichomeka mapipa madogo ya mti katika matundu yake, akiyatoa na kuyarudisha. Akaanza kuhesabu. Akawaambia watoto wengine waimbe na kuzunguka chumbani, mtoto hakusikia. Akainua kiti chake pamoja naye na kukiweka juu ya meza. Mtoto akavikumbatia vitu vyake na kuendelea. Alirudia kazi ile mara 42. Kisha akaacha mwenyewe, akatazama huku na huku kwa uso wenye furaha, kama mtu aliyeamka katika usingizi mzuri.

Siku nyingine mlezi alichelewa, naye alikuwa amesahau kulifunga kabati. Alipofika alikuta watoto wamekwisha kutwaa kila mmoja kazi yake. Mlezi alikasirika, akaona ni wizi. Daktari aliona ni watoto wanaojua wanachokitaka. Aliagiza makabati mafupi yasiyo na mlango, ili kila mtoto achague na kukirudisha kitu mahali pake.

Tena aliwapa herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa, wazipapase kwa vidole huku wakitaja sauti zake. Hakuwafundisha kuandika. Lakini siku moja ya Desemba, mwaka ule ule, walipokuwa juu ya dari ya nyumba katika jua, alimpa mtoto mmoja chokaa achore bomba la moshi. Mtoto alichora, halafu, kwa kujishangaa, aliandika neno mkono, kisha bomba la moshi, kisha paa. Wenzake wakakimbilia chokaa. Mkono ulikuwa umekwisha kujifunza kila hatua peke yake, na hatua zilipokutana, neno lilizaliwa.

VIFAA VISIVYODANGANYA

Yafaa tukae kidogo juu ya vifaa hivyo, maana siri imo humo.

Kipande cha mti kina matundu 10, na kila tundu lina pipa lake lenye kishikio. Mtoto akiweka pipa jembamba katika tundu pana, halitamgombeza mtu. Lakini atakapofika mwisho, pipa moja litabaki mkononi lisiloingia tundu lililobaki. Kosa limejionyesha lenyewe. Mtoto hurudi nyuma hatua moja moja, akatafuta mahali alipopotea, akasahihisha. Hakuaibishwa mbele ya wenzake, wala hakusubiri alama ya kalamu nyekundu.

Kadhalika iko michemraba 10 ya mti, mdogo una upande wa sentimita 1 na mkubwa una sentimita 10. Mtoto huijenga iwe mnara, akianza na mkubwa. Akiukosea mpango, jicho lake laona. Ziko fito 10, fupi ina urefu wa sentimita 10 na ndefu ina mita 1. Mtoto akiunga fito ya kwanza na ya tisa, hupata urefu wa fito ya kumi. Ya pili na ya nane, vivyo hivyo. Amekwisha kujumlisha kabla hajaandika tarakimu. Baadaye ziko shanga za rangi ya dhahabu: ushanga mmoja, kijiti cha shanga 10, mraba wa shanga 100, na mchemraba wa shanga 1,000. Mtoto wa miaka mitano aubeba mchemraba wa elfu kwa mikono miwili, nao ni mzito. Auchukua ushanga mmoja kwa vidole viwili, nao ni mwepesi. Hivyo ajua kwa mikono yake mahali pa mamoja, makumi, mamia na maelfu, jambo ambalo wengi wetu tuliliimba ubaoni pasipo kulifahamu.

Katika vifaa hivyo vyote mna mpango wa namna moja. Kila kifaa chafundisha jambo moja tu, na jambo gumu limegawanywa katika mambo mepesi. Hatua zina taratibu yake. Kosa lajionyesha. Mtu mzima huonyesha mara moja, polepole, kwa maneno machache, kisha hujiondoa. Na hilo la mwisho ndilo lililo gumu kwetu kuliko yote.

SIFA NA MATESO

Mwaka wa 1909 alitoa kitabu chake cha kwanza juu ya kazi hiyo, nacho kilifasiriwa katika lugha nyingi. Aliacha udaktari akajitoa kwa watoto peke yao. Mwaka wa 1913 alipokelewa kwa shangwe huko Marekani, na mwaka wa 1915, katika maonyesho makubwa ya San Francisco, watu walitazama darasa lake kupitia kuta za kioo. Walikuwako pia waliompinga. Wengine walisema vifaa vyake vyambana mtoto na havimpi nafasi ya kubuni. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, nayo hutolewa hata leo. Jibu lake lilikuwa kwamba mtoto hujenga mapya kwa urahisi akiisha kuvijua vitu vilivyo kweli.

Serikali ya Mussolini ilimsaidia kwa muda wa miaka kama kumi, naye aliupokea msaada huo. Lakini serikali iliyotaka mtoto awe askari mtii haikuweza kupatana na mlezi aliyetaka mtoto ajifikirie mwenyewe. Mwishowe shule zake katika Italia zilifungwa. Katika Ujerumani ya Hitler zilikuwa zikifungwa vilevile. Alikuwa akikaa Barcelona, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka wa 1936 vikamfukuza huko pia, akaenda Uholanzi. Mwaka wa 1939 alisafiri pamoja na Mario kwenda Uhindi kuwafundisha walimu. Italia ilipoingia vitani mwaka wa 1940, Waingereza walimtia Mario kizuizini kama raia wa adui, na mama akazuiliwa asitembee. Alipotimiza miaka 70, tarehe 31 Agosti mwaka ule, alirudishiwa mwanawe. Walibaki Uhindi hata mwaka wa 1946, wakafundisha walimu wengi. Yule mtoto aliyefichwa zamani akawa mkono wa kulia wa mama yake hata mwisho.

Alifariki tarehe 6 Mei mwaka wa 1952 huko Noordwijk aan Zee, pwani ya Uholanzi, mwenye umri wa miaka 81, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya mji huo. Habari zake zasema ya kuwa siku zile za mwisho alikuwa akizungumza na Mario juu ya safari ya Afrika. Hakuwahi kuja. Lakini kazi yake ilikuja, na hapa Tanzania masista wamekuwa wakiwafundisha walimu wa Montessori, kama kule Mtwara na kule Lushoto.

KUTOKA FITO HATA KOMPYUTA

Sasa twarudi kwenye lile swali la wazazi. Fito na shanga zahusianaje na kompyuta?

Kompyuta ni mashine isiyo na busara. Hufanya lile tu iliyoamriwa, kwa taratibu ile ile iliyoamriwa. Mwenye kuiamuru sharti agawe kazi katika hatua, azipange, na atokeapo pabaya atafute hatua iliyokosewa. Mtoto aliyechomeka mapipa mara 42 amekwisha kuizoea kazi hiyo.

Seymour Papert, mtu aliyezaliwa Pretoria mwaka wa 1928, alifanya kazi kwa miaka kadhaa huko Geneva pamoja na Jean Piaget, mtaalamu wa akili za watoto, ambaye zamani aliwahi kuwa kiongozi wa chama cha Montessori cha Uswisi. Mwaka wa 1967 Papert na wenzake katika Marekani walitunga lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, iitwayo Logo. Mtoto alimwamuru kobe wa mashine: nenda mbele, geuka kulia. Akitaka mraba, alipaswa kuamuru mwendo na kugeuka mara nne. Mraba ukipinda, hakuna aliyemgombeza. Alitazama amri zake, akaipata iliyo mbovu. Ni pipa lile lile lililobaki mkononi, ila limevaa nguo mpya. Na tangu miaka ya 1990 walimu wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, pamoja na wenzao, wameeneza michezo ya kufundisha mambo hayo hayo kwa kadi, kamba na chokaa, pasipo mashine yoyote.

Wala hatusemi mashine ni bure. Kati ya mwaka wa 2017 na 2019, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, wakajifunza kusoma na kuhesabu, wengi wao pasipo kuwahi kuingia darasani. Ni jambo la kushukuru. Twasema tu ya kuwa mlango wa elimu hii haufunguliwi kwa mashine, na mzazi asingoje mashine ndipo aanze.

MCHANGA WA KIHAGARA

Kihagara yenyewe ina vifaa tele. Usipa waliovuliwa waweza kuchambuliwa na mtoto wa miaka minne, wakubwa huku, wadogo huku, waliovunjika kule. Huko ni kupanga kwa sifa. Mawe ya ufukoni yaweza kupangwa tangu dogo hata kubwa. Vijiti vyaweza kukatwa kwa urefu wa hatua sawasawa vikawa fito za Montessori. Bao lina mashimo 32 na kete 64, nalo laweza kuchimbwa mchangani kwa ncha ya kidole. Mtoto azungushaye kete na kutabiri itakapoangukia ya mwisho amekwisha kufikiri mbele ya mkono wake.

Tena uko mchezo mmoja mwepesi. Chora katika mchanga miraba mitano kwa mitano. Weka majani mahali fulani pawe nyumbani, na mawe machache yawe vizuizi. Mtoto mmoja awe mtumbwi, asiyefanya neno ila aliloamriwa. Mwenzake apange vijiti kuwa amri: kilichosimama ni hatua moja mbele, kilicholala ni kugeuka kulia. Mtumbwi ukigonga jiwe, nahodha asilaumiwe. Avitazame vijiti vyake, kimoja kimoja, hata akione kilichokosewa. Watoto wakizoea, waombe njia iliyo fupi zaidi. Na wakigundua ya kuwa vijiti vitatu vyarudiwa mara nne, waruhusu wavifunge pamoja na kuweka alama ya nne. Wamekwisha kutunga programu.

Wala wazazi wa nchi ile si wageni wa elimu hii. Juu ya milima, Wamatengo hulima ngoro tangu enzi za mababu. Nyasi hufyekwa na kukauka, kisha hupangwa katika mistari inayokatana kama wavu. Halafu udongo wa katikati huchimbwa na kufukiwa juu ya nyasi zile, hata mteremko mzima ukajaa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikija, maji hukaa mashimoni badala ya kuuteremsha udongo bondeni, na nyasi zikioza huwa mbolea. Hatua moja ikirukwa, shamba lote lapotea. Waliobuni hayo walijua kugawa kazi, kuipanga, na kuirudia mraba baada ya mraba. Hawakukosa akili ya kompyuta. Walikosa kompyuta tu.

Hatari iliyoko ni kubwa kuliko kukosa mashine. Twamkuta mtoto wa miaka mitatu au minne amekalishwa kwenye benchi tangu asubuhi, akiimba moja hata mia kwa sauti kuu, mikono yake mitupu, na wazazi wakafurahi ya kuwa anasoma. Akishika mchanga, aambiwa anachezea wakati. Akikosea, achekwa. Mtoto huyo hujifunza somo moja kwa hakika, nalo ni kuogopa kosa. Mtu aogopaye kosa hataiamuru mashine yoyote kamwe. Atangoja kuambiwa la kufanya maisha yake yote. Huyo aweza kupewa kompyuta kesho, naye ataitazama kama yule mtoto wa chumba kitupu alivyotazama kuta.

Basi wazazi wapenzi, na walimu wa madarasa ya awali, kazi si kubwa. Mpeni mtoto kitu cha kushika kinachoweza kumwonyesha kosa lake. Mwonyesheni mara moja, polepole. Kisha fanyeni lile alilolifanya Maria Montessori katika chumba cha San Lorenzo: nyamazeni, mhesabu.